K Niliyoiandika Kabla ya Mpira Kufika

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia uwanjani na birika la chai, si na penseli. Nilikuwa nimeajiriwa kupika chai na kuosha vikombe kwenye uwanja wa besiboli wa Chatsworth, na mchezo wenyewe sikuujua hata kidogo. Nilitoka Tanga kumfuata mume wangu, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma bandarini hapa Durban, na kwangu mpira ulikuwa ule wa miguu tu. Mchana wa siku hiyo mwandikaji wa alama hakutokea. Mwandikaji Mkuu alitazama huku na huku, akaiona karatasi niliyoandika nani kataka chai ya maziwa na nani ya rangi, safu zimenyooka, akaniuliza kama naweza kukaa kimya kwa saa tatu. Nikamwambia naweza. Huo ulikuwa uongo, maana mimi ni msemaji tangu nimezaliwa, lakini nilikaa.

Ninyi vijana mnaonijia siku hizi na vishikwambi vyenu mnadhani kazi ya kuandika alama ni kubonyeza. Haya, bonyezeni. Wakati wetu ilikuwa karatasi moja kubwa yenye visanduku, penseli mbili, kifutio kimoja na macho. Kila mpigaji alikuwa na safu yake, na kila zamu yake ya kupiga ilikuwa na kisanduku chake. Jioni, mtu ambaye hakuwepo uwanjani alitakiwa aisome ile karatasi na auone mchezo mzima, kuanzia mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Ukikosea kisanduku kimoja, umemdanganya mtu huyo, naye hana njia ya kujua.

Mwandikaji Mkuu alikuwa mama wa Kihindi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliohamishiwa Chatsworth kwa nguvu enzi za ubaguzi wa rangi. Sisi sote tulimwita Anti, hata waamuzi wenye mvi kumzidi. Tulizungumza naye Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili changu. Siku ile ya kwanza, mara tu mrushaji alipoinua mguu ili arushe, mimi nikainamia karatasi niwe tayari kuandika. Anti akanyoosha mkono, akaichukua penseli na kuilaza mezani.

“Penseli ilale mpaka mpira ufe,” alisema. “Mpira ukiwa hai, kazi ni ya macho.”

Mpira kufa ni lugha ya waamuzi. Maana yake tukio limekwisha: aliyetolewa ametolewa, aliyefika kituoni amefika, na mpira umerudi mkononi mwa mrushaji. Hapo ndipo unaokota penseli. Nilidhani ni mambo ya mwalimu mzee anayependa amri. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba kazi yote ilikuwa ndani ya sentensi ile, na nilielewa siku niliyoivunja.

Ngoja niwaeleze mchezo kidogo, maana najua wengine mnasoma haya bila kuwahi kuuona. Mrushaji husimama juu ya kijilima cha udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mdakaji wake, aliyechuchumaa. Katikati yao, pembeni kidogo, amesimama mpigaji wa timu pinzani na gongo lake. Mpigaji akipunga akakosa, au akiuacha mpira mzuri upite, anahesabiwa straiki. Straiki tatu, ametoka. Wakitoka watatu, awamu yao ya kupiga imekwisha. Sisi tunaandika herufi moja kisandukuni mwake: K. Sijui kwa nini K; Anti naye hakujua, na alikuwa mtu wa kujua vitu. Akiuchapa mpira na kukimbia akafika kituo cha kwanza, kati ya vinne vya kuuzunguka uwanja, kwa haki yake, huo ni mpigo. Lakini pengine mpira uliochapwa ni mwepesi, mlinzi wa timu ya mrushaji alipaswa kuudaka, naye akauangusha au ukampita katikati ya miguu. Hapo mpigaji amefika kituoni kwa hisani, na hilo tunaliandika kosa la mlinzi.

Nani anaamua kama ni mpigo au ni kosa? Mwamuzi hahusiki. Anaamua mwandikaji wa alama, peke yake, kwa macho yake. Ndiyo maana wachezaji walitusalimia kwa adabu.

Chatsworth nilikaa miaka saba, Jumamosi kwa Jumamosi, michezo ya shule na ya vilabu vya mitaa. Birika nilimwachia mwingine. Kisha nikahamishiwa uwanja wa mjini, chini ya Katibu wa Viwanja, bwana mwenye suti ya kijivu aliyeichukia karatasi na kupenda wageni. Siku moja alipanda hadi kwenye kibanda chetu akaniambia mtoto wa mgeni mmoja mkubwa alikuwa akicheza, na kwamba lile nililoliita kosa lingeweza kabisa kuitwa mpigo, kijana akafurahi, baba akafurahi, na uwanja ukapata rangi mpya. Nikamwambia mlinzi aliuangusha mpira uliomfikia kifuani, mimi niliona. Akasema, “Kwani ni vigumu sana?” Nikamjibu, “Vigumu.” Hakunisalimia kwa miezi miwili. Nami nilitembea pale uwanjani kichwa juu, najiona hakuna mwandikaji kama mimi Durban nzima. Nawaambia hili ili muone nilikuwa nimepanda juu kiasi gani kabla sijaanguka.

Halafu ikaja ligi ya kulipwa. Ilikuwa ligi ndogo na haikuishi sana, timu chache, watazamaji wa kuhesabika, lakini wachezaji walilipwa na sisi tukapewa fulana zenye kola. Anti alikuwa Mwandikaji Mkuu wa ligi nzima, akanipanga mimi kwenye uwanja wa nyumbani wa timu ya Durban. Nilikaa peke yangu kibandani. Nikiamua mpigo, nilinyoosha kidole kimoja. Nikiamua kosa, nilikunja ngumi. Bwana mmoja upande wa pili wa uwanja alinitazama kwa darubini na kutundika namba kwenye ubao mkubwa, na wote wakajua.

Ndani ya jengo la wachezaji kulikuwa na ubao mwingine, wa mbao iliyopigwa vanishi, ambao Meneja wa Ligi aliuagiza siku ya ufunguzi. Ulikuwa na safu za majina ya mabingwa. Chini kabisa fundi alichonga maneno, Mchezo Bila Mpigo, akaacha nafasi tupu. Mchezo bila mpigo ni ule ambao mrushaji anamaliza awamu zote tisa bila mpinzani hata mmoja kupata mpigo. Makosa ya walinzi hayamwondolei sifa hiyo. Kuna warushaji wanaozeeka bila kuupata. Misimu ilipita, ile nafasi ikabaki tupu, watu wakawa wanaifuta vumbi tu.

Mrushaji wetu aliitwa Dido. Alizaliwa Uvira, Kongo, akaja Durban mtoto na mama yake, na besiboli alifundishwa shuleni na mwalimu aliyekuwa akitafuta mtu wa tisa kukamilisha timu. Alikaa Albert Park, ghorofa ya nane, kwenye jengo ambalo lifti yake haikutegemewa. Siku za kazi alitengeneza simu katika duka dogo mjini, Jumapili alirusha mpira. Mikono yake ilikuwa ile ile: vidole virefu, vyenye subira, vilivyozoea skrubu ndogo. Wakati ninaousimulia alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na bega lilishaanza kumuuma kila Jumatatu. Tulikuwa tumeshanong’onezwa kwamba ligi haitafika msimu mwingine. Kwa hiyo Dido alijua, na sisi sote tulijua, kwamba jina lake lingeingia kwenye ule ubao mwaka ule au lisingeingia kabisa.

Jumapili yenyewe ilikuwa na joto la kunata, lile la Durban la mwanzo wa mwaka, nguo inashika mgongo tangu asubuhi. Wageni walikuwa timu nzuri, wapigaji wenye mabega. Awamu ya kwanza Dido alimpa mmoja wao njia kwa kurusha mipira minne mibovu mfululizo, nikasema moyoni leo bega limekataa. Basi, huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kufika kituoni kwa muda mrefu. Mpira wake wa kasi ulikuwa unapanda, na ule wa kupinda ulikuwa unaanguka kama umekatwa kamba. Wapigaji walipunga hewa. Mmoja alirudi benchi akilitazama gongo lake, akaligonga na kidole kuona kama ni zima.

Kufika awamu ya sita nilikuwa nimeandika K nane. Wakongomani wa Albert Park na wa maduka ya simu walijaza jukwaa la upande wangu, wote wamesimama, wote wameshika simu wanarekodi. Hakuna aliyetamka neno mpigo. Hiyo ni mila ya mchezo huu: mrushaji akiwa njiani kwenda huko, jambo lenyewe halitajwi, wenzake hawakai naye benchi, wala hawamwangalii. Dido alikaa mwisho wa benchi na taulo kichwani, kama mwali. Mlinzi wa sita, Themba, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, alipita mbele yake mara tatu kwenda kunywa maji bila kumtazama.

Sasa kosa langu. Tunawapa walinzi namba, na Themba ndiye aliyekuwa wa sita, kati ya kituo cha pili na cha tatu. Msisahau namba hiyo. Katika awamu hiyo ya sita, mpigaji alipofikisha straiki mbili, niliokota penseli na kuchora mguu wa K. Mstari mmoja tu wa wima. Niliona hakuna ubaya, kwani ulikuwa unakuja tu. Ukaja, nikamalizia mikono yake miwili. Awamu ya saba nilichora mguu mapema kwa wapigaji wote watatu, na wote watatu walinipa haki. Nilijisikia vizuri, wallahi, nilijisikia kana kwamba mimi na Dido tunarusha pamoja. Hakuna mtu asiyeijua kazi hii ambaye angeweza kulifanya kosa lile. Ni kosa la aliyeijua mpaka akaizoea.

Awamu ya nane. Wawili wametoka, wote kwa K. Mpigaji wa tatu alikuwa mfupi, mwenye goti lililofungwa bendeji, mtu wa mwisho kabisa ningemwogopa. Straiki ya kwanza akapunga. Ya pili akaiangalia tu ikipita. Dido akainua mguu, mimi nikainama na kuandika K nzima, mguu na mikono, nikaikoleza.

Nikasikia gongo.

Nilipoinua kichwa, Themba alikuwa kifudifudi chini, vumbi limetimka, na mpira ulikuwa unabingirika kwenye nyasi nyuma yake. Yule mfupi alikuwa ameshakanyaga kituo cha kwanza. Uwanja mzima ukaniangalia mimi. Bwana wa ubao aliinua darubini. Sikujua kama mpira ulikwenda kwa kasi ya kumshinda mtu au kama ulimfikia Themba mkononi ukamtoka. Kitu chochote kingekuwa bora kuliko kukaa vile natazamwa, na sauti ya lile gongo ilikuwa nzito, safi. Nikanyoosha kidole kimoja.

Bwana wa ubao akatundika moja pale palipokuwa na sifuri. Jukwaa likaguna. Mimi nikachukua kifutio nikaifuta ile K, lakini nilikuwa nimeikoleza, ikabaki kivuli. Nikaandika mpigo juu yake.

Dido alichukua mpira, akafuta jasho, akamtoa aliyefuata kwa straiki tatu. Awamu ya tisa aliwatoa wote watatu kwa namna hiyo hiyo. K kumi na nane, mpigo mmoja, tukashinda mbili kwa sifuri. Miaka yote niliyokaa kwenye viwanja sijaona mtu akitawala mchezo namna ile, kabla wala baada. Na hizo K nne za mwisho niliziandika kama nilivyofundishwa, penseli imelala.

Baada ya mchezo Dido alipanda hadi kibandani, bado ana barafu imefungwa begani. Nilidhani anakuja kugomba. Wachezaji wengi hugomba. Alisimama mlangoni.

“Mama Rehema,” akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, “ile mupira, uliiona?”

Ningeweza kusema pale pale. Lilikuwa neno moja. Nikasema, “Niliiona.”

“Bon,” akasema. “Kama Mama aliona, njo basi.” Akanipa mkono wa kushoto, ule usiouma, akashuka ngazi.

Angenitukana ningepumzika. Alinishukuru kwa kuwa mwaminifu, na mimi nimekaa na karatasi yenye kivuli cha K.

Kanuni ya ligi ilimpa mwandikaji hadi saa sita mchana wa kesho yake kubadili uamuzi. Jumatatu asubuhi nilimkuta Anti kibarazani kwake Chatsworth akichambua dengu kwenye sinia. Nikamwekea karatasi mbele yake, nikamwambia yote, tangu mguu wa kwanza wa awamu ya sita. Hakunikatiza. Aliinua karatasi kuelekea mwangani, akaiona ile K chini ya mpigo, akaiweka.

“Kwa hiyo hukuona,” alisema.

“Sikuona, Anti.”

“Na yeye umemwambia uliona.”

Nikainamisha kichwa. Anti akaliweka kando sinia la dengu, akainuka akaenda kutafuta simu.

Alifanya kazi siku ile kuliko sisi sote. Alimpigia mwamuzi wa vituo, ambaye alikuwa ameshageuka kuangalia kituo cha kwanza, kama inavyompasa. Mwamuzi wa nyuma ya mdakaji alisema kinyago kilimzuia, na kwamba hata angeona, si kazi yake. Timu ya wageni ikasema mpigo, bila shaka. Anti akaniambia siku hizi kila mtu ana kamera, tutafute picha. Kwa simu tu, nikiwapigia watu wa Albert Park mmoja baada ya mwingine, zililetwa video zisizopungua ishirini, na zote zilikuwa nzuri. Zote zilimwonyesha Dido. Dido anainua mguu, Dido anarusha, Dido anageuza shingo kufuata mpira. Hakuna hata mmoja aliyemwangalia Themba. Watu mia kadhaa walikuwa uwanjani, na kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa kwa Dido.

Alibaki Themba mwenyewe. Anti alimweka kwenye spika nami nisikie. Themba alisema bila kusita kwamba mpira ulikuwa wake, ulimgonga kwenye glavu ukatoka, aandikiwe kosa, hana neno. Nilitaka kuruka kwa furaha. Anti akamuuliza jana jioni alimwambia nini Dido. Eish, Themba akasema, jana alimwambia mpira ule hakuna binadamu angeudaka. Anti akamuuliza lipi ni kweli. Themba akajibu kwamba alijirusha, akafumba macho, na kwamba rafiki yake anastahili ule ubao.

Anti akamshukuru na kukata simu. Saa ya ukutani ilikuwa na dakika ishirini kufika sita. Nilimsihi, nikamwambia Themba ameshakubali, kosa ni lake, tuandike kosa tumalize, kijana apate haki yake.

“Hiyo ni zawadi anayompa rafiki yake,” Anti alisema. “Ni nzuri. Lakini sisi hatuandiki zawadi. Hakuna aliyeona, kwa hiyo kilichoandikwa kinabaki.”

Kikabaki. Chini ya karatasi alinitaka niandike kwa mkono wangu maneno haya: Mwandikaji hakuuona mpira. Nikaandika, nikatia sahihi. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuniuliza kama nimekunywa chai, kwamba ligi nimeimaliza, na Jumamosi nirudi kwenye michezo ya shule. Hakunifukuza. Alinirudisha nilikoanzia, mwanamke mwenye wajukuu.

Ilibaki kumwambia Dido. Anti hakuniambia nifanye hivyo, na nikifikiria sasa, labda alikuwa na sababu. Nilichukua teksi hadi mjini mchana ule ule, nikashuka kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na duka lake. Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, glasi ya kukuzia jichoni. Nikamweleza yote nimesimama, huku mteja mmoja akisubiri chaja. Nikamwambia sikuona, kwamba nilikuwa naandika K yake, kwamba hakuna aliyeona, na uamuzi umebaki. Nikamwomba radhi. Nilikwenda pale kutua mzigo, nasema ukweli, na nilikuwa nategemea anisaidie kuutua.

Alitoa ile glasi jichoni, akaiweka mezani taratibu.

“Mama, jana nilikuwa najua,” akasema. “Walinipiga mupira moja, nikaenda kulala muzuri. Leo sijuwi.”

Akamgeukia mteja wa chaja. Mimi nikatoka. Nilitembea hadi baharini bila kujua naenda wapi, nikakaa kwenye benchi nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi. Nilikuwa nimeiba mara mbili. Jumapili nilichukua kitu ambacho huenda kilikuwa chake, na Jumatatu nikaenda kuchukua na kile alichobaki nacho.

Ligi ilikufa mwisho wa msimu ule, kama ilivyonong’onwa. Ule ubao wa vanishi sijui uko wapi. Mtu aliniambia umegeuzwa rafu ya viatu. Mimi nilirudi Chatsworth na sikuondoka tena. Niliandika michezo ya watoto wasioweza kurusha mpira ukafika, na penseli yangu ililala mezani kila mpira, hata mpigaji akiwa na straiki mbili, hata akiwa kipofu. Wasaidizi wangu walinicheka. Walisema Bibi anaiogopa penseli. Niliwaacha wacheke.

Mwaka jana macho yalianza kuweka ukungu, daktari akasema yafanyiwe upasuaji. Yakafanyiwa, yakarudi, lakini nikaona ni heri niondoke yakiwa mazima. Anti alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na kiti chake alikikalia kijana mwenye kishikwambi, mwenye adabu, aliyeniambia mchezo wangu wa mwisho nichague mwenyewe. Sikuchagua. Nikamwambia anipe wowote ulio kwenye ratiba.

Ratiba ikaleta timu ya watoto wa Albert Park, na kocha wao alikuwa Dido. Tulikuwa hatujaonana tangu siku ya chaja. Amenenepa, kichwani mvi mbili tatu, bega moja limeshuka. Alinisalimia kutoka mbali kwa kuinua kofia, nami nikainua mkono, basi. Mrushaji wake alikuwa binti mwembamba, vidole virefu, na alikuwa anajua. Awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna mpigo. Kwa watoto mchezo ni awamu sita. Ya nne, hakuna. Ya tano, nikamwona yule binti amekaa peke yake mwisho wa benchi, na Dido anapita mbele yake bila kumtazama.

Awamu ya sita, wawili wametoka, straiki mbili. Penseli imelala mezani. Mikono yangu nimeikalia. Binti akarusha, gongo likalia, mpira ukaenda chini chini moja kwa moja kwa mlinzi wa sita. Niliuona ukitoka kwenye gongo. Niliuona ukidunda mara mbili, ukaingia kwenye glavu ya yule mtoto, ukakaa humo, ukatoka, ukamwangukia kwenye kiatu. Mpigaji akafika kituo cha kwanza. Mpira ukarudi kwa mrushaji, ukafa.

Wazazi wote wakanigeukia. Dido alitoka benchi, akaja hadi chini ya kibanda, akasimama pale na kofia mkononi. Sauti yake haikuwa ya kugomba. Ilikuwa ile ile ya mlangoni.

“Mama Rehema, uliiona?”

“Niliiona.”

“Iko nini?”

Nikakunja ngumi, nikaiinua juu hadi bega likauma, wote waione.

Kisha akavaa kofia yake.

“Andika basi, Mama,” akasema. Nikaokota penseli.